Dua umeisoma. Na njia umeiuliza?



Juzi baada ya Maghrib kijana mmoja aliniandikia. Kapata kazi katika nchi ambayo vita bado havijatulia, anaondoka mwezi ujao, anaomba nimfundishe dua ya safari. Nikamfundisha. Kisha nikamuuliza mambo matatu: nani anakupokea kule, nani kaipita njia hiyo hivi karibuni, na nani nyumbani atajua siku ukipotea? Akanijibu: "Sheikh, nimetawakali." Basi, hakuna jingine.

Leo nataka nikusimulie habari za mtu aliyetawakali na bado akauliza njia.

Ibn Jubayr, Allah amrehemu, alikuwa karani wa gavana wa Granada, kule Andalusia. Februari 1183 alitoka kwenda kuhiji. Hakutoka peke yake, alifuatana na rafiki yake tabibu, Abu Jaafar bin Hassan. Hilo litazame vizuri. Na kila kituo alichofika alikiandika pamoja na tarehe yake, ndiyo maana leo tunaweza kumfuata hatua kwa hatua.

Kutoka Sabta walipanda merikebu ya Wakristo wa Genoa, wakakaa baharini kama mwezi mzima mpaka Iskandaria. Pale forodhani maofisa wa Kiislamu wakawapekua na kuwaapisha kwa namna iliyomuumiza sana. Na pale Iskandaria akaona mateka wakipitishwa mjini, wamepandishwa ngamia na nyuso zao zimegeuzwa kuelekea mkiani. Hao walikuwa katika kundi la Wafaranji waliosafirisha vyombo vyao vipande vipande kwa ngamia hadi Bahari ya Shamu, wakachoma vyombo vya mahujaji na kuwaua watu. Yaani kabla hajafika njia ile, habari zake alikwisha kuzijua.

Akapanda mto Nile mpaka Qus, akavuka jangwa hadi bandari ya Aydhab, ng'ambo ya Jidda. Hapa kaa nami kidogo.

Aydhab ulikuwa mji usio na mmea, hata maji yaliletwa kutoka nje. Vyombo vyake vilishonwa kwa kamba za makumbi bila msumari hata mmoja, na matanga yake yalikuwa ya mikeka. Wazee wa Lamu wakisoma hapa watasema: huu si mtepe wetu huu? Ni ndugu yake. Na ubaya haukuwa wa chombo, maana babu zetu wamevuka bahari kwa mitepe karne na karne. Ubaya ulikuwa wa wenye vyombo. Waliwashindilia mahujaji mpaka wakakaliana kama kuku kwenye tenga, kwa sababu mwenye chombo alitaka kurudisha bei ya chombo chake chote kwa safari moja. Chombo kikizama baada ya hapo, yeye hana hasara. (Ukiwaona mawakala wa siku hizi wanaochukua pesa zote kabla hujaondoka, mkumbuke mtu wa Aydhab.) Vyombo vingine upepo uliviburuta mpaka pwani za mbali, mahujaji wakatembea jangwani, wengine wakafa kwa kiu.

Ibn Jubayr alivuka kwa kama wiki moja, akafika Jidda salama. Sasa sikiliza alichofanya. Hakusema "mbona mimi nimefika?" Aliandika kuwashauri wanaokuja nyuma yake: mwenye uwezo asipite Aydhab, azunguke mpaka Baghdad aende pamoja na msafara wa amiri wa mahujaji, hata kama njia ni ndefu. Sisi leo mmoja akinusurika anawaambia wenzake pako shwari. Huo si ushauri. Ni kuwapeleka watu kwenye maangamizi, na aya ya 195 ya Suratul Baqara mnaijua.

Alipomaliza hija ya 1184 alirudi kupitia Iraq na Sham, na Septemba mwaka huo akaingia Akka, mji uliokuwa mikononi mwa watu wa Vita vya Msalaba. Salahuddin alikuwa vitani na Wafaranji hao hao, ameuzingira Karak, na huku misafara ya wafanyabiashara inapita! Ibn Jubayr mwenyewe alistaajabu. Basi akaingia pamoja na msafara wa wafanyabiashara waliozoea njia ile na kujua ushuru wake. Njiani, karibu na Tibnin, watu wa Maghrib walitozwa dinari na ziada kila kichwa, kwa kuwa baadhi ya ndugu zao waliwahi kupigana upande wa Nuruddin. Umeona? Hata ukiwa huna kosa, unakotoka kunaweza kuwa na hesabu yake kule unakokwenda. Uliza mapema.

Forodhani Akka walipekuliwa kwa upole na makarani Wakristo wanaosema Kiarabu, akapanga chumba kwa mwanamke Mkristo. Hakuhadaika na upole huo. Aliwaona Waislamu mateka wakiburuta minyororo, na akaandika kwamba Mwislamu hana udhuru wa kukaa pale ila awe mpita njia.

Naye pia aliteleza, tusimfanye malaika. Merikebu ya kurudia ilikuwa ikisubiri upepo, yeye na wenzake wakazoea kulala nchi kavu. Alfajiri moja wakaamka, merikebu imeshatweka tanga na mizigo yao imo ndani. Ikabidi wakodi mashua ya makasia waifukuzie mpaka wakaipata. Kisha Desemba 1184 merikebu hiyo hiyo ikavunjika karibu na Messina, Sicily. Wakaokolewa na mashua za watu wa pale, na mfalme wa Kikristo, William, akawalipia nauli ya mashua Waislamu maskini wasio na kitu. Granada alifika Aprili 1185.

Alisafiri tena mashariki mara mbili, na akafia Iskandaria mwaka 1217, umri umeshapita 70.

Kijana wangu, kama unasoma hapa, dua naendelea kukuombea. Yale majibu matatu bado nayasubiri. Niandikie kabla hujalipa nauli.