Tumaini la Mwalimu na Mechi ya Ndola, 1979

Mji wa Mlowo, katika Wilaya ya Mbozi, umekaa juu ya njia kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Tunduma na kuingia Zambia. Na reli ya TAZARA, iliyokabidhiwa rasmi mwaka 1976, yapita huko huko. Kwa mtu akaaye katika njia hiyo, Zambia ni jirani. Lakini katika kandanda jirani huyo alikuwa mkubwa. Mwaka 1974 alifika fainali ya Kombe la Mataifa ya Afrika, akashindwa na Zaire baada ya mechi kurudiwa.

Tanzania haikuwa imeingia katika fainali hizo hata mara moja ilipokutana na Zambia Agosti 1979. Tena nchi ilikuwa imetoka vitani: Kampala ilitwaliwa Aprili mwaka ule ule, na gharama za vita zilielemea hazina. Aliyetazama hesabu tu angesema mambo yamekwisha kabla ya kuanza.

Katika kazi hiyo ya kufuzu, jina la mwalimu Joel Bendera ndilo linalokumbukwa zaidi. Sifa yake haistahili kupimwa kwa maneno matamu, maana maneno hayafungi goli. Yafaa ipimwe kwa yale yaliyotendeka uwanjani. Dar es Salaam Taifa Stars ilishinda 1–0. Ushindi huo ulikuwa mwembamba, lakini uliligeuza tumaini kuwa hesabu: huko Ndola sare ingetosha. Zambia ikatangulia kufunga mbele ya watu wake. Timu iliyozoea kujiona duni huvunjika saa kama hiyo, hii haikuvunjika. Peter Tino akasawazisha, mechi ikaisha 1–1, na Tanzania ikapata safari ya Lagos.

Huko Lagos, Machi 1980, chini ya Mpoland Slawomir Wolk, ilifungwa 3–1 na Nigeria na 2–1 na Misri, kisha ikatoka sare ya 1–1 na Ivory Coast. Ikarudi na pointi moja. Kwa mkubwa hiyo ni aibu; kwa mgeni wa mara ya kwanza ni ushahidi kwamba mlango hufunguka.

Hata hivyo mlango huo ulifungwa tena kwa miaka 39. Novemba 2018 timu ilifungwa 1–0 na Lesotho, na wengi wakakata tamaa. Emmanuel Amunike, Mnigeria aliyeifunga Zambia magoli mawili katika fainali ya 1994, aliendelea na kazi. Machi 2019 Uganda ikafungwa 3–0 Dar es Salaam, na Tanzania ikafuzu. Lakini nchini Misri ilipoteza mechi zote tatu, na mwalimu akaondolewa.

Hapo ndipo ulipo mpaka wa tumaini. Mwalimu aweza kuwafanya wanyonge wasijihukumu kabla ya mechi. Hawezi kwa moyo wake peke yake kujaza pengo la viwanja, mashindano ya vijana na matunzo ya miaka mingi. Bendera aliwafikisha wachezaji wake mlangoni. Kuubakiza wazi haikuwa kazi ya mtu mmoja. Taifa lililoimba jina lake kisha likakaa miaka 39 bila kurudi lilipokea tumaini lake kama zawadi, hali lilikuwa deni.