Historia fupi ya utapeli wa simu: tapeli alipoacha kupanda matatu

Kila mara mzee akilizwa kwa simu, watu hapa Eldoret husema yaleyale: "Wazee hawajui simu." Mimi kazi yangu ni kutengeneza programu, na jibu hilo silikubali. Ukifuata historia utaona kwamba wazee wetu walikuwa mabingwa wa kumtambua mwongo. Tatizo ni kwamba silaha yao kubwa haifanyi kazi kwenye simu.

Silaha hiyo ilikuwa macho. Zamani, aliyetaka kumwibia mkulima wa Moiben pesa za mahindi ilibidi aende mwenyewe Moiben. Apande matatu, ashuke, asalimie, aulizwe ametoka wapi na ni mtoto wa nani. Mzee anamtazama viatu, anasikiliza anavyoongea, anamwita jirani. Wengi waliumbuka hapo hapo.

Hata wizi mkubwa ulihitaji sura ya mtu. Mnamo 2006 na 2007 michezo ya piramidi ilienea Kenya nzima, na DECI, iliyojulikana kuliko zote, ilipitia sana makanisani. Watu walitoa pesa kwa kuwa aliyewaalika walimfahamu. Kamati ya serikali iliyoongozwa na Francis Nyenze ilikadiria hasara ya zaidi ya shilingi bilioni 8.

Kulikuwa pia na zile barua za urithi wa mamilioni, kwanza kwa posta na faksi, kisha kwa barua pepe. Huitwa "419" kutokana na kifungu cha sheria ya jinai ya Nigeria. Huyo mwandishi hukumwona, lakini kumtumia pesa kulikuwa safari: uende mjini, upange foleni benki, ujaze fomu. Njiani mtu hupata muda wa kufikiri, au hukutana na binamu anayemuuliza anaenda wapi.

Basi tarehe 6 Machi 2007 Safaricom ikazindua M-Pesa. Faida yake haina ubishi: mtoto aliye Nairobi hakuhitaji tena kumpa dereva wa basi bahasha. Lakini siku hiyo ulinzi wa aina mbili ulianza kupotea pamoja, yaani sura na safari.

Tena risiti ikawa SMS. Naomba niieleze kama fundi: SMS ni maandishi tu. Mtu yeyote anaweza kuchapa maneno yaleyale, kiasi, tarehe na msimbo wa kubuni. Ya kweli huja ikiwa na jina MPESA juu. Ile ya uongo mara nyingi hutoka kwa namba ya kawaida. Kwenye kabambe yenye kioo kidogo, mwenye macho dhaifu husoma kiasi cha pesa, hasomi kule juu. Halafu simu inalia: "Mama, nimekosea namba, hizo zilikuwa za hospitali, tafadhali nirudishie." Huyo mama anarudisha kwa sababu ana utu. Ujinga hauhusiki hapo.

Baadaye tapeli hakuhitaji hata uhuru wake. Kwa miaka mingi gereza la Kamiti limetajwa kuwa chanzo cha simu za aina hii. Mulot nayo, mji mdogo mpakani mwa Narok na Bomet, ikapata jina kwa kuhamisha laini: tapeli anajifanya mhudumu wa kampuni ya simu, anakutoa namba ya kitambulisho na ya siri, laini yako inahamia kwenye kadi yake, na pesa zinafuata.

Serikali haikukaa kimya. Rais Kibaki aliagiza usajili wa laini mwaka 2009, na mwisho wa 2012 laini zisizosajiliwa zikaanza kuzimwa. Matapeli wakatumia laini zenye majina ya watu wengine. Mwaka 2018 ikaja sheria ya makosa ya kompyuta na mtandao. Nzuri, lakini sheria humfuata mwizi akiwa ameshaondoka.

Mwaka huohuo wa 2018, Inua Jamii ilianza kuwapa wazee wa miaka 70 na zaidi shilingi 2,000 kwa mwezi. Kwa hiyo anayempigia kogo na kusema "nipe namba ya siri tukuwekee pesa za wazee" anataja kitu ambacho kipo kweli.

Kwa hiyo tufanye nini? Mimi naona tuwarudishie sura na safari. Nyumbani kwetu tumeweka haya:

1. Pesa zikidaiwa kuingia, usiamini SMS. Angalia salio.
2. Aliyekosea namba aende kwa kampuni ya simu. Safaricom ina utaratibu: mtumaji hupeleka SMS ya muamala kwa 456. Wewe hurudishi chochote.
3. Safaricom hupiga kwa 0722 000 000 pekee. Na hata namba hiyo ikionekana, namba ya siri haitajwi.
4. Piga *100*100# ili laini isibadilishwe kupitia wakala. Lazima uende dukani kwao mwenyewe. Hiyo ndiyo safari tunayoitaka.
5. Kabla ya kutuma pesa ya haraka, piga simu kwa mtu mmoja wa familia mliyekubaliana. Hiyo ndiyo sura.

Na la mwisho ndilo zito kuliko yote: msimcheke mzee aliyelizwa. Nimeona mzee akificha hasara miezi mitatu kwa kuogopa watoto wake watamnyang'anya simu. Katika miezi hiyo aliibiwa mara mbili zaidi, na watu walewale. Angesema siku ya kwanza, angepoteza mara moja tu.

Kama una mzee nyumbani, kaa naye jioni hii na simu yake. Anza na salio.