Tangi tupu la petroli ni hatari kuliko lililojaa

GARI la Volkswagen Beetle, lililoshinda mbio za Safari Rally mwaka wa 1962 na ambalo la mwisho liliundwa nchini Mexico mwaka wa 2003, lina injini nyuma na tangi la petroli mbele, chini ya boneti. Tangi hilo la lita 40 hivi hushikiliwa na bolti nne tu. Urahisi huo huwahadaa wengi: hulitoa, hulimwaga, kisha hulipeleka kuchomelewa likiwa lingali na mvuke.

Kinachowaka si petroli yenyewe bali mvuke wake uliochanganyika na hewa. Tangi lililojaa halina nafasi kubwa ya hewa. Lililomwagwa lina hewa na mvuke pamoja. Mvuke huo ukifika kiasi cha asilimia 1.4 hadi 7.6, cheche moja yatosha kulilipua. Aidha, ni mzito kuliko hewa, hivyo hutambaa chini hadi penye jiko la jirani.

Kazi hii basi hufanyiwa nje, mbali na moto na sigara. Betri, ambayo katika gari hili imo chini ya kiti cha nyuma, hutenganishwa kwanza, kuanzia waya wa hasi. Petroli huteremshwa kupitia mpira ulio chini ya tangi hadi kwenye mtungi wa chuma wenye kifuniko. Kuifyonza kwa mdomo, kama ilivyo desturi ya baadhi ya mafundi, ni kujitakia maradhi ya mapafu. Waya wa geji huchomolewa, bolti nne hufunguliwa na tangi huinuliwa. (Beetle za miaka ya 1950 hazikuwa na geji, dereva alifungua akiba kwa mguu, akajua safari imekaribia kukoma.)

Adui wa ndani ni kutu, ambayo huziba chujio na kuingia kabureta. Tangi hutiwa siki na nati chache zilizohesabiwa, likatikiswa na kuachwa usiku kucha. Nati zote zikishatoka, husuuzwa kwa maji yenye magadi kidogo, kisha kwa maji safi, na kukaushwa juani mara moja, kwani chuma kilichosafishwa hushika kutu upya kwa saa chache.

Tundu nalo? Kipande cha sabuni ya mche huziba kwa muda, maana petroli haiyeyushi sabuni, lakini dawa hiyo ni ya kumfikisha dereva nyumbani tu. Tundu dogo huzibwa kwa gundi maalumu ya matangi. Linalohitaji kuchomelewa lipelekwe kwa fundi mwenye vifaa vya kulichemsha tangi na kulijaza gesi isiyowaka. Kuliosha kwa sabuni hakutoshi, kwa kuwa petroli hujificha katika maungio na ndani ya kutu, ikatoa mvuke tena chuma kinapopata joto. Tangi lililotoboka pengi halifai kurekebishwa. Heri kutafuta jingine.

Wakati wa kurejesha, mipira yote ya petroli na vibano vyake hubadilishwa, hata kama kwa nje yaonekana mizima. Hutiwa lita mbili kwanza na kila kiungo hukaguliwa kwa tochi kabla ya betri kuunganishwa.