Sura ya Malkia Iliyoishia Pwani

Sarafu ya reale ya Sham ikikaa kiganjani unausikia uzito: gramu 28, na katika kila sehemu 1,000, 833 ni fedha tupu. Yumo mwanamke mnene aliyejitanda shela la ujane, begani kabana bruchi ya lulu. Ni Maria Theresa wa Austria. Chini ya bega kuna herufi mbili ndogo, S na F, za maofisa wa kiwanda cha Günzburg, Schöbl na Faby.

Malkia alifariki mwaka 1780, na mwaka huo haukubadilishwa tena kwenye sarafu. Vienna, Roma, London hadi Bombay walizidi kuipiga sura ileile, kwa kuwa wafanyabiashara wa Uarabuni na Uhabeshi walikuwa wakizihesabu lulu za bruchi kwanza. Zikipungua, sarafu ilikataliwa.

Zanzibar, pembe za ndovu zilipangiwa bei kwa reale hiyo, na nyingi zilishuka pwani mabegani mwa Wanyamwezi na Wasukuma. Ila bara malkia huyu hakuwa na soko. Julai 1858, mpelelezi Mwingereza Speke alipopanda kutoka Kaze, Tabora ya leo, akapita Msalala upande wa Kahama kulitafuta ziwa tunaloliita leo Victoria, mizigo ya kulipia njia ilikuwa vitambaa vya merikani na kaniki, ushanga na nyaya za shaba. Na huku kwetu palikuwa na mali nyingine, ambayo kwangu ina heshima kuliko reale: jembe. Warongo wa Buzinza, katika nchi ya Geita, waliyeyusha chuma kwa mkaa na mivukuto, wakafua majembe yaliyouzwa hadi Usukuma na kutolewa mahari. Jembe halikuhitaji sura ya mtu. Mnunuzi aliligonga, akalisikiliza, akajua.

Sura ya mfalme ililetwa na kodi. Rupia ya Wajerumani ya mwaka 1890 ilimchora Kaisari Wilhelm wa Pili kavaa kofia ya vita yenye tai, na kuanzia 1898 kodi ya nyumba ikadaiwa, rupia tatu. Mtu wa Shinyanga akalazimika kumtafuta Kaisari ili aendelee kulala kwake.

Mwaka 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza wakiwa wamefunga bahari, karakana ya reli ya Tabora ikapiga rupia 15 za dhahabu iliyochimbwa Sekenke, Iramba. Upande mmoja waliweka tai wa Ujerumani. Upande wa pili, mahali ambapo ungemtazamia mfalme, amesimama tembo, mkonga juu, na mlima nyuma yake.