Taa ya Flannan: ishara ikikosekana, nani anajua?

Leo tuiache Linux kidogo twende magharibi ya Uskoti, kilomita kama 32 kutoka kisiwa cha Lewis. Huko kuna majabali ya Flannan, na juu ya jabali kubwa, Eilean Mòr, upo mnara wa taa uliobuniwa na David Alan Stevenson na kuwashwa mara ya kwanza tarehe 7 Desemba 1899.

Walinzi watatu waliishi pale bila simu wala telegrafu. Mfumo mzima wa kuwaangalia ulikuwa mtu mmoja huko Lewis, aliyelipwa kutazama kama taa inawaka. Ninyi mnaolinda seva mnaijua shida hii: ishara ikikosekana, mashine imekufa au ni mtandao tu? Hapa mtandao ulikuwa hewa, na hewa ya Desemba ina ukungu. Mwaka 1900 taa haikuonekana tarehe 8 hadi 11, kumbe walinzi ni wazima. Tarehe 12 ikaonekana. Ilipopotea tena, nani angeshtuka?

Meli Archtor ilipita usiku wa tarehe 15 ikakuta giza, lakini habari hiyo haikuifikia bodi ya minara mapema. Hesperus, meli ya kubadilisha zamu, ilitarajiwa tarehe 20; bahari ikaizuia hadi tarehe 26. Joseph Moore akapanda peke yake. Taa imesafishwa, mafuta yamejaa, vitanda vitupu. James Ducat, Thomas Marshall na Donald McArthur hawakuonekana tena. Maandishi yao ya mwisho kwenye sleti yalikuwa ya saa tatu asubuhi, tarehe 15.

Mkaguzi Robert Muirhead alifika tarehe 29. Upande wa magharibi alikuta sanduku la kamba, lililokuwa mita 33 juu ya bahari, limezolewa na kamba zimetapakaa. Akaamua kuwa wimbi liliwachukua. Mimi naafikiana naye.

Kile chakula kilichoachwa mezani kimetoka kwenye shairi la Wilfrid Wilson Gibson la 1912. Muirhead aliambiwa jiko lilikuwa safi. Na ile logi ya walinzi wakilia na kusali? Ni ya kubuni, ingawa utaikuta imenakiliwa neno kwa neno kwenye tovuti chungu nzima. Kunakili ni rahisi bwana.

Tangu 1971 taa inajiendesha yenyewe. Siku hizi hali yake hufuatiliwa kutoka Edinburgh.