Mji wa Oberndorf na Bunduki za Kuulia Misukule

Aliyecheza Resident Evil 2 enzi za PlayStation ya kwanza anaikumbuka bastola ya Leon Kennedy, hata kama hakuwahi kujua inaitwaje. Leon ni askari polisi mgeni kazini. Anaingia Raccoon City siku yake ya kwanza, akakuta mji mzima umeshageuka misukule: wenye duka, madereva, polisi wenzake. Mkononi ana bastola nyeusi, ndefu, isiyo na urembo wowote, yenye kubeba risasi 18. Mchezaji mwenye subira ya kupekua hupata kitako chake baadaye, akakipachika kwa nyuma, na kuanzia hapo kila akifyatua hutoka risasi tatu kwa mfululizo.

Bastola yenye kitako, na kitako chenyewe ndicho kinachoipa uwezo wa kumimina risasi? Vijana wengi waliokuwa wakilipia kwa saa kwenye vibanda vya gemu walidhani hizo ni chumvi za Wajapani wa Capcom, kampuni iliyounda gemu hiyo. Haikuwa chumvi. Bastola hiyo ni VP70 ya kampuni ya Heckler & Koch, na ndivyo ilivyoundwa hasa: swichi ya kuchagua risasi moja au tatu iko kwenye kitako, kwa hiyo bila kitako bastola inarudi kuwa bastola ya kawaida.

VP70 ilitoka mwaka 1970, na ilikuwa ya kwanza duniani kutengenezwa kwa fremu ya plastiki ngumu badala ya chuma. Glock ya Austria, ambayo leo ndiyo inayosifiwa kwa jambo hilo, ilikuja mwaka 1982. Lakini kutangulia hakukuisaidia. Herufi VP zinasimama badala ya maneno ya Kijerumani yenye maana ya bastola ya wananchi. Wazo lilikuwa silaha rahisi na ya bei nafuu, ambayo raia wangegawiwa nchi ikivamiwa. Kifyatulio chake kilikuwa kizito mno, kiasi kwamba kulenga shabaha kulihitaji kidole cha mkwezi wa minazi. Majeshi na polisi hawakuichangamkia, na mwishoni mwa miaka ya 1980 kampuni iliacha kuitengeneza. Gemu ilipotoka Januari 1998, bastola ya Leon ilikuwa imekwisha kukataliwa sokoni kwa karibu miaka kumi. Ilikuwa imeshapita pia kwenye sinema: askari wa angani wa filamu ya Aliens, ya mwaka 1986, walibeba hiyo hiyo.

Kwa nini basi mwongozaji Hideki Kamiya na wenzake huko Osaka wampe polisi wa Marekani silaha ambayo hakuna polisi wa Marekani angepewa? Nadhani jibu liko Japani kwenyewe. Sheria ya silaha ya nchi hiyo, ya mwaka 1958, haimpi raia wa kawaida nafasi ya kumiliki bastola. Anayetaka bunduki ya marisau ya kuwindia hufanya mitihani na kuchunguzwa, na akitaka raifoli sharti awe ameishi na leseni ya marisau kwa miaka kumi. Nchi hiyo hiyo ndiyo iliyozaa viwanda vya bunduki za kuchezea zinazofanana na za kweli hadi skrubu ya mwisho. Mjapani mpenda silaha hukua akizijua kwa macho, kwa majarida na kwa sinema, bila kuzisikia zikilia. Mtu wa namna hiyo huvutiwa na kitu cha ajabu, na VP70 ni kitu cha ajabu. Kampuni ya Tokyo Marui imewahi hata kuunda bastola ya kuchezea inayoitwa Samurai Edge, nakala ya silaha ya kikosi cha S.T.A.R.S. katika hadithi ya gemu. Yaani ni nakala ya bastola isiyokuwepo, iliyojengwa juu ya Beretta ambayo ipo.

Beretta ndiyo iliyoanza safari hii. Gemu ya kwanza, iliyotoka Japani Machi 1996 kwa jina la Biohazard chini ya Shinji Mikami, iliwapa wahusika wake wakuu, Chris na Jill, bastola ya kampuni hiyo ya Italia, na jina lake liliandikwa waziwazi kwenye skrini. Beretta ni kampuni ya ukoo inayojivunia hati ya mwaka 1526, ya mauzo ya mitutu 185 kwa ghala la silaha la Venice. Mwaka 1985 jeshi la Marekani lilichagua Beretta 92 kuwa bastola yake rasmi, Hollywood ikafuata. Mel Gibson aliishika katika Lethal Weapon na Bruce Willis katika Die Hard. Kwa kijana wa Osaka wa miaka hiyo, hiyo ndiyo ilikuwa sura ya bastola ya Mmarekani.

Hata hivyo, ubora wa silaha haukuwa na uzito mkubwa katika gemu ile. Uzito ulikuwa kwenye uhaba. Chris alikuwa na nafasi sita tu za kubebea vitu, Jill nane, na bunduki ilikula nafasi sawa na funguo. Risasi zilihesabika. Mchezaji aliyemwaga magazini nzima kwa msukule mmoja wa kwenye korido alijuta nusu saa baadaye, mbele ya kitu kikubwa zaidi. Waliobobea walijifunza kumzunguka msukule na kupita zao. Bunduki ya marisau nayo ilikuwa mtego: imetundikwa ukutani, ukiichukua na kutoka, dari ya chumba cha pili huanza kushuka ikupondeponde. Jill anaweza kuokolewa na mwenzake Barry. Chris lazima atafute kwingineko bunduki mbovu aje kuitundika mahali pa ile nzima. Msukule wa hadithi zetu hulimishwa shamba la mchawi usiku. Huyu wa Capcom ameambukizwa virusi vya kampuni ya dawa. Wote wawili humwacha mtu akijiuliza kama kweli anayo haki ya kumpiga risasi.

Turudi kwenye VP70, maana inatupeleka mahali. Makao ya Heckler & Koch yako Oberndorf, mji mdogo kando ya mto Neckar kusini magharibi mwa Ujerumani. Mwaka 1811 mfalme wa Württemberg alifungua karakana ya bunduki katika jengo lililokuwa la watawa wa Augustino, na humo ndimo walimofanya kazi ndugu wawili, Wilhelm na Paul Mauser. Bunduki yao ya mwaka 1871 iliwatajirisha. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia Wafaransa waliokalia eneo hilo waliking'oa kiwanda cha Mauser, na mwaka 1949 wahandisi watatu waliotoka humo, Edmund Heckler, Theodor Koch na Alex Seidel, wakaanzisha kampuni yao papo hapo. Mwanzoni walitengeneza vipuri vya cherehani na baiskeli. Muongo mmoja baadaye walikuwa wakiunda G3 kwa ajili ya jeshi jipya la Ujerumani Magharibi, bunduki ambayo Mkenya yeyote ameiona begani mwa askari polisi.

Sasa hesabu za Oberndorf ndani ya mfululizo huu wa gemu. VP70 ya Leon inatoka huko. Katika Resident Evil 5 kuna MP5, bunduki fupi ambayo dunia iliijua Mei 1980, makomando wa Uingereza walipovamia ubalozi wa Iran jijini London mbele ya kamera za televisheni. Kuna PSG-1 ya wadunguaji, nayo ya Oberndorf. Na katika Resident Evil 4, ya mwaka 2005, kuna mzee wao wote.

Humo Leon yuko kijijini Uhispania, na muuzaji wa ajabu aliyejifunika uso anafungua koti lake na kumwonyesha bidhaa. Mojawapo inaitwa Red9. Umbo lake halifichiki: mpini mwembamba kama wa ufagio, magazini mbele ya kifyatulio, mtutu mrefu mwembamba. Ni Mauser C96, iliyotoka mwaka 1896. Winston Churchill alikuwa nayo Omdurman, Sudan, mwaka 1898. Bega lake lilikuwa limeteguka India, na upanga ulimshinda. C96 halisi ilikuja na kitako cha mbao chenye uwazi ndani, kikatumika pia kama ala ya kuiwekea bastola. Katika gemu kitako kinauzwa peke yake, na ukikinunua mkono wa Leon unatulia. Hapo Capcom walifanya kazi yao vizuri.

Lakini kisa cha jina ndicho kitamu zaidi. C96 ya kawaida ilitumia risasi ya milimita 7.63. Vita vya Kwanza vilipopamba moto, jeshi la Prussia liliagiza bastola 150,000 zinazotumia risasi ya milimita 9, ile ile ya bastola zake za Luger. Zikawa mbili zinazofanana kama mapacha, zenye chakula tofauti. Askari akikosea gizani anaweza kulipia kwa maisha yake. Ndipo tarakimu 9 ikachongwa kwenye mpini na kupakwa rangi nyekundu, ili hata mtu aliyechoka aone.

Mchezaji wa Resident Evil 4 anaijaza Red9 kwa boksi lile lile analojazia Punisher, bastola iliyoigwa kutoka FN Five-seveN ya Ubelgiji ambayo risasi yake ni nyembamba ya milimita 5.7. Alama nyekundu iliwekwa ili mtu asichanganye risasi. Gemu ikachukua alama ikaifanya jina, na risasi ikazichanganya zote. Silaumu sana. Gemu yenye aina kumi na tano za risasi ingekuwa mtihani wa karani wa ghala. Ila hapo ndipo mfululizo huu ulipoanza kuacha uhaba wake. Muuzaji yupo, fedha zinaokotwa, silaha zinaboreshwa, na woga ule wa kuhesabu risasi tatu za mwisho ukapungua.

Mwaka 2009 gemu ikaja Afrika. Resident Evil 5 inatokea Kijuju, eneo la kubuni linalosemekana liko Afrika Magharibi, na maadui wake wanaitwa Majini na wanapiga kelele kwa Kiswahili. Mchezaji wa Mombasa au Bukavu alijikuta akitishwa kwa lugha ya nyumbani, huku ramani ikimwambia yuko maelfu ya kilomita kutoka nyumbani. Filamu ya matangazo ya mwaka 2007, iliyomwonyesha Chris mweupe akiwamiminia risasi wanakijiji weusi, ilizua ubishi mkali Marekani. Mwandishi N'Gai Croal wa Newsweek alikuwa miongoni mwa waliosema wazi kwamba picha zile zina historia nyuma yake ambayo watengenezaji hawakuielewa.

Ukizitazama bunduki za Kijuju unaona uzembe ule ule kwa njia nyingine. Mojawapo, ya asili ya Kirusi, inaitwa AK-74, yenye risasi ya milimita 5.45. Bunduki iliyotapakaa barani ni ndugu yake mkubwa wa milimita 7.62, ambayo magazeti ya Tanzania huiita SMG na ambayo Msumbiji imeichora kwenye bendera yake. Na boksi moja la risasi linatosha Škorpion ya Czechoslovakia, MP5, AK-74 na SIG 556, silaha nne ambazo kwa kweli hazichangii hata risasi moja.

Bunduki za Oberndorf zilikuwa zimefika Afrika Mashariki zamani sana. Askari wa Schutztruppe, jeshi la Wajerumani katika Afrika Mashariki, walipewa Mauser za mwaka 1871, zenye risasi moja moja na baruti ya kutoa moshi. Vita vya Maji Maji vilipoanza katika milima ya Matumbi mwaka 1905, hizo ndizo zilizowaelekea watu waliokuja na mikuki na magobole, wakiwa wamepewa dawa ya Kinjeketile Ngwale iliyoaminiwa kuzigeuza risasi kuwa maji. Miaka tisa baadaye, Novemba 1914, Vita vya Kwanza vya Dunia vikiwa vimeanza, kombania nyingi za Schutztruppe zilikuwa bado na Mauser zile zile, na moshi wake ulimwonyesha kila mtu askari alipojificha. Mwandishi wa gemu aliyetaka bunduki yenye historia halisi barani angeipata hapo, tena yenye kasoro nzuri kwa mchezo wa kutisha: risasi moja, halafu moshi, halafu kila msukule anajua ulipo.

Tangu Resident Evil 5, majina halisi ya bunduki yamekuwa yakifutika. Mei 2013, miezi michache baada ya mauaji ya shule ya Sandy Hook kule Connecticut, kampuni ya EA ya Marekani ilitangaza kwamba haitalipia tena leseni za majina ya watengeneza bunduki, ingawa bunduki zenyewe zingeendelea kuonekana. Capcom nao walikuwa wameshaelekea huko. Resident Evil 6, ya mwaka 2012, ina bastola zinazoitwa Wing Shooter na Picador, majina yasiyomdai mtu. Resident Evil 7 ya mwaka 2017 ilirudisha uhaba, nyumba moja ya kijijini Louisiana na risasi za kuokoteza, na bunduki zake zinaitwa kwa herufi na namba kavu tu kama M37.

Resident Evil 4 iliposukwa upya mwaka 2023, Red9 ilibaki. VP70 nayo imo, kwa jina la Matilda, na kitako chake bado ndicho kinachotoa risasi tatu.