Dkt. Kevan Herold na dawa ya kuchelewesha kisukari cha aina ya kwanza

Dkt. Kevan Herold, daktari na mtafiti wa Chuo Kikuu cha Yale nchini Marekani, ni miongoni mwa walioonesha kuwa kisukari cha aina ya kwanza kinaweza kukabiliwa kabla ya dalili kujitokeza. Katika ugonjwa huu, kinga ya mwili hushambulia seli za kongosho zinazotengeneza insulini. Uharibifu huanza kimyakimya, mara nyingi miaka kadhaa kabla ya kiu kali, kukojoa mara kwa mara na kukonda. Kipimo cha damu kinachotafuta kingamwili maalumu huweza kuubaini mapema.

Utafiti aliouongoza, uliochapishwa mwaka 2019, ulihusisha ndugu 76 wa wagonjwa, wengi wao watoto, waliokuwa katika hatari kubwa. Waliopewa teplizumabu kwa dripu siku 14 walichelewa kuugua kwa takribani miaka 2 kuliko wenzao. Kwa mtoto, muda huo bila sindano za kila siku si jambo dogo. Marekani iliidhinisha dawa hiyo Novemba 2022, kwa wenye umri wa miaka 8 na kuendelea. Haiponyi, wala haichukui nafasi ya insulini kwa aliyekwisha kuugua.